Maji ya Delhi na homa iliyokosa jina

Juma lililopita bwana mmoja alinishika mkono kituo cha daladala, akasema: "Ndugu mtangazaji, ninyi watu wa redio hamchoki kutuambia tuchemshe maji. Ya bomba si yametiwa dawa?" Swali lake ni la haki. Jibu lake linatupeleka Delhi, India.

Mwishoni mwa mwaka 1955 mto Yamuna, unaoupatia mji huo maji, ulibadili mkondo. Maji machafu ya mfereji wa Najafgarh yakafika Wazirabad, pale pale mtambo unapovuta maji ya kunywa. Wahusika hawakulala, waliongeza klorini. Homa ya matumbo na kuhara damu havikuzidi kawaida, na mtu angeweza kusema hatari imepita. Majuma machache baadaye macho ya watu yakaanza kugeuka manjano. Hadi Januari 1956 wagonjwa wa namna hiyo walikadiriwa kuwa zaidi ya 29,000.

Ilikuwa homa ya ini. (Mitaani wengi huiita homa ya manjano, lakini hiyo ni nyingine, huletwa na mbu.) Virusi vyake hutoka katika choo cha mgonjwa, huingia kwa mdomo, na huzaana ndani ya ini. Kwa wiki tano au sita hivi mtu haoni kitu. Kisha huja homa, uchovu, kichefuchefu, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hata harufu ya chakula humchukiza. Ini lililovimba hushindwa kuondoa taka ya manjano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Taka hiyo hubaki mwilini, macho yakawa manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. La ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na askari wa mwili wenyewe, wanapozishambulia chembe za ini zilizovamiwa.

Wengi hupona baada ya wiki kadhaa, bila dawa maalumu. Ila mama mjamzito! Katika miezi mitatu ya mwisho, kati ya kina mama wanne au watano wanaougua, mmoja aweza kufa. Ini huacha kazi ghafla, damu hukataa kuganda, fahamu hupotea, na mara nyingi mtoto naye hapatikani.

Madaktari wa wakati ule waliamini ni homa ya ini aina ya A, ile ya watoto. Kwangu mimi dalili zilikuwa zinapiga kelele: waliougua zaidi walikuwa vijana na watu wazima, na wajawazito ndio waliokufa kwa wingi. Lakini vipimo havikuwapo, nami si daktari. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1980, damu ya Delhi iliyokuwa imehifadhiwa ilipopimwa, ikaonekana si aina ya A hata kidogo.

Mwaka 1983 mtaalamu wa Kirusi, Mikhail Balayan, aliyekwisha kuugua aina ya A zamani, alikunywa mchanganyiko uliotokana na choo cha wagonjwa tisa. Naam, alikunywa. Akaugua, na katika choo chake mwenyewe akaviona virusi kwa darubini ya elektroni. Jina la aina ya E lilikuja kutiwa muhuri karibu na mwaka 1990.

Asidhani mtu kuwa ni mambo ya India tu. Oktoba 2007 ugonjwa huu ulizuka wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika kambi za waliokimbia vita. Hadi katikati ya mwaka 2009 walikuwa wameugua zaidi ya watu 10,000, na 160 wakafariki.

Kuchemsha huviua virusi hivi. Klorini nayo husaidia, ila maji yakiwa na uchafu mwingi kama yale ya Wazirabad, si ya kuitegemea peke yake. Hayo nilitaka kumweleza yule bwana, lakini daladala lake lilifika tukiwa bado Delhi.