Habari za Mfungo wa Kwaresima, Tangu Wakristu wa Kwanza Hata Siku Zetu

Katika kitabu hiki cha jubilei wengine wameandika habari za mapadre waliotutangulia, za makanisa na za shule. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za Kwaresima. Twaipokea kwa furaha, maana katika ukatekista wetu hakuna swali tuulizwalo mara nyingi kuliko hili: mtu ambaye nyama huionja kwa Noeli na Pasaka tu, Kanisa lamwambia aache nini siku ya Ijumaa?

Wala hilo si swali la utani. Katika nchi zetu za kusini, zenye msimu mmoja wa mvua, Kwaresima huangukia wakati mahindi mapya yangali mabichi shambani, na ya mwaka uliopita yamekaribia kwisha ghalani. Nyumba nyingi hula mara moja kwa siku bila kuamriwa na mtu. Je, watu hao wamefunga? Njaa si mfungo, ingawa tumbo haliwezi kuzipambanua. Yafaa basi turudi nyuma sana, tuone Wakristu wa kwanza, ambao wengi wao walikuwa maskini vilevile, walifungaje.

Kiko kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa karne ya 2. Chawaagiza Wakristu wafunge Jumatano na Ijumaa. Tena chasema kwamba atakayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla, na mwenye kumbatiza afunge pamoja naye, na wengine wawezao. Mtakatifu Yustino, aliyeandika huko Roma yapata mwaka 155, ashuhudia desturi iyo hiyo: wanaojiandaa kwa ubatizo walisali na kufunga, nao waamini wakasali na kufunga pamoja nao. Angalieni jambo hili, ninyi makatekista wenzetu. Mkatekumeni hakuachwa ashinde njaa peke yake.

Katika karne iyo hiyo ya 2, Aristide wa Athene alimwandikia Kaisari kumweleza mwenendo wa Wakristu. Asema kwamba akiwapo maskini kati yao, nao hawana akiba ya kumpa, hufunga siku mbili au tatu ili kile ambacho wangekula kimfae yule mhitaji. Naye Hermas wa Roma aandika kwamba siku ya kufunga mtu ale mkate na maji tu, kisha ahesabu gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, akampe mjane au yatima au mwenye shida. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye jibu. Watu wa Aristide hawakuwa na cha ziada cha kuacha. Waliacha kile kidogo walichokuwa nacho, nao waliacha kwa ajili ya mwingine. Mwenye njaa hunyimwa chakula na mvua au nzige, bali mwenye kufunga hukitoa mwenyewe kwa mkono wake.

Siku 40 hazikuwako tangu mwanzo. Mtakatifu Irenei, karibu na mwisho wa karne ya 2, asimulia kwamba kabla ya Pasaka wengine walifunga siku moja, wengine mbili, wengine saa 40. Lakini Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 waitaja Kwaresima kama jambo linalojulikana na wote. Jina lenyewe latokana na neno la Kilatini quadragesima, yaani ya arobaini. Walakini Jumapili hazifungwi, na juma sita zenye siku sita sita za kufunga ni siku 36 tu. Mtakatifu Gregori Mkuu aliziita zaka ya mwaka, maana zakaribia sehemu ya kumi ya siku 365. Baadaye ziliongezwa siku nne, ndipo mfungo ukaanza Jumatano. Majivu zamani yalikuwa ya wale waliotubu hadharani makosa makubwa, na mwaka 1091 mtaguso wa Benevento, chini ya Papa Urbano wa Pili, uliagiza kila Mkristu ayapokee, mkubwa kwa mdogo.

Hatuwezi kumpita Mtakatifu Augustino, mtu wa bara letu. Alizaliwa Tagaste mwaka 354, akabatizwa mjini Milano usiku wa Pasaka ya mwaka 387, kisha akawa askofu wa Hipo, katika nchi iitwayo leo Algeria. Katika mahubiri yake ya Kwaresima awakemea wale walioacha nyama wakatafuta vyakula vingine vya anasa na vya bei kubwa kuliko nyama yenyewe. Kilichopunguzwa mezani, asema, na kiende kwa mhitaji. Kama angepita leo katika miji yetu siku ya Ijumaa, akaona samaki wakubwa wakikaangwa, sijui kama angebadili neno.

Habari za saa ya kula tutazipita upesi. Hapo kale mfungo ulifunguliwa jioni, jua likitua, jambo ambalo watu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa, kwa kuwa jirani zao Waislamu hufanya hivyo katika Ramadhani. Kisha huko Ulaya mlo ulisogezwa hata saa tisa, kisha hata adhuhuri, na jioni kikaongezwa chakula kidogo. Ndivyo tulivyo wanadamu.

Mfungo huo ulifikaje kwetu? Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misioni yao Bagamoyo tarehe 4 Machi 1868, nayo ilikuwa Jumatano ya juma la kwanza la Kwaresima. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888 na Peramiho mwaka 1898. Hao walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyo na sura nzima juu ya Kwaresima. Humo kila mtawa aombwa kumtolea Mungu kitu kwa hiari yake, lakini kwanza amwambie abati, asije akajivuna. Tena katika Kwaresima kila mmoja apewe kitabu, akisome chote tangu mwanzo hata mwisho. Agizo hilo latupendeza sana sisi walimu.

Sheria waliyoifundisha wazee wetu tangu mwaka 1918 ilikuwa ile iliyotangazwa mwaka 1917: mlo kamili mmoja kwa siku, kwa waliotimiza miaka 21 hata waanzapo mwaka wa 60, na kuacha nyama tangu umri wa miaka 7. Lakini wagonjwa, mama wenye mimba au wanaonyonyesha, na wenye kazi nzito ya mikono hawakufungwa na sheria ya mfungo. Basi mkulima mwenye jembe, katika miezi ya palizi, alisamehewa. Kwake ilibaki Njia ya Msalaba, ambayo Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliiwekea vituo 14 mwaka 1731. Asiyejua kusoma aliyasoma mateso ya Bwana ukutani, kwa magoti yake.

Mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita aliipunguza sheria. Leo siku za kufunga zilizoamriwa ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wengine wamesema Kanisa limelegea. Sisi hatukubali. Papa huyo alisema wazi kwamba penye wingi wa mali, Wakristu watoe ushuhuda wa kujinyima, na penye umaskini, watu wamtolee Mungu taabu yao katika sala, huku wakitafuta haki kwa bidii. Hata hivyo mzigo uliotuliwa na sheria umewekwa juu ya dhamiri, nayo dhamiri haina kengele kama kanisa.

Tangu mwaka 1956 Misa ya Kesha la Pasaka, iliyokuwa ikisomwa Jumamosi asubuhi, imerudi usiku katika Kanisa zima, na wakatekumeni hubatizwa saa ile aliyobatizwa Augustino. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo Njia ya Msalaba hupita nyumba kwa nyumba kila Ijumaa. Mwenye unga huleta kibaba, asiye nao huleta kuni. Sala ikiisha, vitu hivyo hupelekwa kwa mjane au mgonjwa aliyetajwa na wazee, kabla giza halijaingia, apate kupika jioni ile ile.