Bafle ndogo kwa chumba kidogo: historia ya spika inayoweza kukuokolea pesa



Wengi wetu tulifika Kampala na nyimbo kichwani. Sasa mtu amepata kompyuta ya mkononi, hata ya kuazima, ana maikrofoni moja, na ana chumba chake cha kupanga pale Nsambya, Katwe au Makindye. Anataka chumba hicho kiwe pia chumba cha muziki. Swali linalokuja haraka ni hili: ninunue spika gani? Na mtaani atajibiwa neno moja tu: kubwa!

Andiko hili linasema kinyume, na ushahidi wake ni historia. Si mchezo. Pesa ya kodi ya miezi miwili ikizama kwenye bafle zisizofaa, mwenye nyumba hatakuelewa, na wimbo wako pia hautatoka vizuri.

Jina lenyewe linatufundisha

Sisi wa Kongo tunasema bafle. Waganda wanasema muzindaalo. Watanzania na Wakenya wanasema spika. Lakini hili neno letu la bafle, tulilolipata kwa Kifaransa, lina siri ndani yake. Mwanzoni halikuwa jina la spika. Lilikuwa jina la ubao unaotenganisha sauti ya mbele ya spika na sauti ya nyuma yake. Shika hapo, tutarudi.

Kwanza ilikuwa pembe

Spika za kwanza za kuhutubia watu wengi zilikuwa za pembe. Mwaka 1915 mafundi wawili waliokuwa California, Peter Jensen na Edwin Pridham, walionyesha watu chombo walichokiita Magnavox. Mwaka 1919 rais wa Marekani, Woodrow Wilson, alikitumia kuhutubia maelfu ya watu uwanjani San Diego. Kabla ya hapo kiongozi alitegemea kifua chake tu.

Pembe hazijafa. Ziko kwenye minara ya misikiti na kwenye magari ya kampeni. Na kwenye vituo vya biashara hapa Uganda utaona bizindaalo, zile pembe zilizofungwa juu ya mti mrefu: mtoto amepotea, mazishi ni saa nane, maharage yameshuka bei. Pembe hutupa sauti mbali kwa nguvu kidogo sana ya umeme. Lakini besi huliwa njiani, na gitaa hugeuka kopo. Haikosei, kazi yake ni umbali. Somo la kwanza ndilo hilo: kila spika ilitengenezwa kwa ajili ya mahali fulani. Kabla ya kuuliza ni nzuri au mbaya, uliza ni ya wapi.

Mwaka 1925: koni na ubao

Spika tunazozijua leo zilipata umbo lake mwaka 1925, pale Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walipoeleza kazi yao: koili ndogo ya waya ndani ya sumaku, imeshikanishwa na koni ya karatasi. Umeme wa muziki ukipita, koili inacheza, koni inasukuma hewa. Mwaka uliofuata spika za aina hiyo zilikuwa zinauzwa ndani ya redio za nyumbani. Karibu miaka mia moja imepita, na ukifungua spika ya redio ya duka la jirani utakuta mambo ni yale yale.

Sasa turudi kwenye ubao. Chukua spika iliyong'olewa kwenye gari kuukuu, iache uchi bila boksi, halafu cheza rumba. Besi haipo! Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Sauti nzito ya mbele inazunguka ukingo, inakutana na ya nyuma, na zinauana. Weka ubao katikati, au funga spika ndani ya boksi, besi inarudi. Ndiyo bafle yenyewe.

Kwa hiyo boksi si pambo, ni nusu ya chombo. Ukinunua spika yenye taa za rangi lakini boksi lake ni plastiki nyepesi inayotetemeka ukiigonga, umelipia taa.

Redio ya sufuria

Upande wetu wa dunia nao una ukurasa wake. Mwaka 1949, Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, afisa wa habari Harry Franklin alitaka redio ambayo mtu wa kawaida, asiye na umeme nyumbani, angeweza kuinunua. Zilizokuwepo zilikuwa ghali, zimetengenezwa kwa sebule za Wazungu. Kampuni ya betri ya Ever Ready ilikubali kuijaribu. Redio ikatoka ya duara, ya chuma, kama sufuria, na watu wakaiita hivyo: redio ya sufuria. Spika yake ilikuwa moja na ndogo, na jirani walikuja kukaa kuizunguka.

Angalia walichofanya. Waliangalia kwanza nyumba ya msikilizaji na mfuko wake, halafu wakatengeneza spika. Sisi mara nyingi tunaanza na spika, halafu tunaomba nyumba ikubali.

Fundi redio aliyepunguza boksi

Mpaka miaka ya 1950, aliyetaka besi nzito nyumbani alihitaji boksi lenye ukubwa wa kabati la nguo. Aliyebadilisha hilo ni Edgar Villchur. Alikuwa amesomea sanaa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa na duka dogo la kutengeneza redio New York. Aliona kwamba shida ilikuwa kwenye springi zinazoirudisha koni mahali pake, maana zikivutwa sana zinaharibu sauti. Wazo lake: tulegeze springi, tufunge boksi lisitoe hewa kabisa, halafu hewa iliyobanwa ndani ndiyo iwe springi. Alipeleka wazo kwa makampuni makubwa, yakakataa. Mwaka 1954, pamoja na Henry Kloss aliyekuwa mwanafunzi wake, akaanzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts. Boksi dogo la kukaa kwenye rafu likatoa besi ambayo makabati yaliionea wivu.

Tangu mwaka ule, kusema "lazima liwe kubwa" ni kusema habari za kabla ya 1954.

Gari la BBC na vyumba vya studio

Kuna mfano mwingine unaotuhusu zaidi. Wahandisi wa BBC walihitaji kusikiliza vizuri wakiwa ndani ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio. Ndani ya gari hakuna nafasi, na ukuta uko karibu na sikio. Katika miaka ya 1970 wakatengeneza spika iitwayo LS3/5A, urefu wake kama sentimita 30 tu na upana kama 19. Haikuwa na besi ya kutikisa ardhi na hawakuitafuta. Walitaka sauti ya mtu isikike kama sauti ya mtu. Hadi leo wapo wanaoitafuta kwa pesa nyingi.

Mwaka 1978 Yamaha ilitoa NS-10 kwa matumizi ya nyumbani. Nyumbani haikupendwa sana. Lakini watu wa studio waliigundua kuwa haifichi makosa: wimbo ukiwa mbaya, inakuambia mbaya. Ikaenea studio za dunia nzima. Na kulikuwa na Auratone, kiboksi chenye koni moja tu, ambacho watayarishaji walikitumia kujua wimbo utasikikaje kwenye redio ndogo ya mtu wa kawaida. Jiulize, wimbo wako utasikilizwa wapi? Kwenye simu, kwenye taksi ya kwenda Old Park, kwenye redio ya saluni. Basi ukisikika vizuri kwenye kidogo, umeshinda.

Kampala, chumba cha futi kumi

Muziki wa Wakongo hapa Kampala si wa jana. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipiga hapa na kundi la Les Kinois miaka ya 1970 kabla ya kwenda Nairobi mwaka 1977, ambako baadaye alianzisha Orchestra Virunga. Wakati ule bila bendi, vyombo vya klabu na studio ya mwenye pesa, wimbo haukurekodiwa. Leo mtayarishaji kama Rey Sapienz, Mkongo anayefanya kazi hapa Kampala, anajulikana mbali kupitia lebo ya Hakuna Kulala. Mlango umekuwa mpana. Lakini chumba kimekuwa kidogo.

Na chumba kina tabia yake. Muzigo wa kawaida unaweza kuwa futi kumi kwa kumi, yaani kama mita tatu kila upande. Kuta zikiachana mita tatu, sauti inayotetemeka kama mara 56 kwa sekunde inanaswa katikati na kuvimba. Sasa waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatetemeka mara 55 kwa sekunde. Umeona? Chumba chako kinalipenda A la besi kupita kiasi. Unaposikiliza unadhani besi ni nyingi, unaipunguza, halafu wimbo ukipigwa kwenye taksi besi haipo kabisa. Ukileta bafle ya inchi 15 humo, unaongeza ugonjwa.

Basi uchague vipi?

Chukua jozi ya spika zenye koni ya inchi 4 au 5. Mbili zinazofanana, maana moja peke yake haikuambii gitaa liko kushoto au kulia. Zenye amplifaya ndani yake hurahisisha mambo, waya ni chache. Zikiwa hazina, usisahau kuhesabu bei ya amplifaya.

Usidanganywe na wati. Yale maandishi ya "PMPO" yenye maelfu ni ya kuuzia tu, tafuta RMS. Na ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, ongezeko dogo kwa sikio. Spika nyingi ndogo kwa wati moja hutoa desibeli 80 na kitu ukikaa mita moja. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwa hiyo chumbani wati moja inatosha kukuchosha masikio.

Kama spika itakaa karibu na ukuta, na kwetu lazima itakaa, lililofungwa kabisa lina nafuu kuliko boksi lenye tundu nyuma. Ukinunua zilizotumika, bonyeza koni polepole kwa vidole: isikwaruze, na sponji ya pembeni isiwe imeoza. Halafu usipime kwa wimbo wa muuzaji. Cheza kwenye simu yako sauti ya mtu unayemjua akiongea. Kama hasikiki kama yeye, ondoka.

Spika ya bluetooth ni nzuri kwa sherehe, ila huchelewesha sauti kidogo, na ukirekodi utaimba nyuma ya mdundo.

Nyumbani, weka spika mbili na kichwa chako kwenye pembe tatu zilizo sawa, spika ndogo ya juu ilingane na sikio. Usikae katikati kabisa ya chumba wala usiziweke kwenye kona. Godoro lililosimamishwa ukutani na mapazia mazito husaidia. Trei za mayai haziwezi kitu mbele ya besi.

Jirani naye ana masikio

Kanuni za Uganda za kelele za mwaka 2003 ziliweka kwa nyumba za kuishi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60. Ukuta wa muzigo ni mwembamba, na besi ndiyo inayoupenya kwa urahisi. Kwa mkimbizi, ugomvi wa kelele unaweza kumalizikia kituo cha polisi au kwenye kutafuta chumba kingine. Spika ndogo uliyoikaribia inakupa sauti kamili wewe, na jirani anapata kidogo. Usiku tumia hedifoni.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika mnaotusaidia kuanzisha vyumba vya muziki: kabla hamjaandika "spika kubwa mbili" kwenye bajeti, njooni na futi ya kupimia. Pimeni chumba kwanza. Spika ndogo mbili nzuri, pazia nzito na hedifoni mbili zitazaa nyimbo nyingi kuliko mabafle ya harusi yatakayofungiwa stoo baada ya malalamiko ya wiki ya kwanza.