Siku za Awali za Kuacha Kileo Katika Unguja

Habari za kileo katika kisiwa cha Unguja zimehifadhiwa zaidi katika maandiko ya sheria, ushuru na leseni. Humo msomaji ataona nani aliruhusiwa kuuza, nani alikatazwa kunywa, na adhabu gani ilimpata aliyevunja amri. Jambo moja hataliona kwa urahisi. Mtu aliyekunywa kwa miaka kumi, kisha akaamka asubuhi moja na kuazimu kuacha, alipita vipi katika siku yake ya kwanza, ya pili na ya tatu? Swali hili laonekana dogo mbele ya mikataba ya mataifa na amri za watawala. Walakini kwa mlevi mwenyewe na kwa jamaa zake hakuna swali kubwa kuliko hilo, maana katika siku hizo chache wako wanaopona na wako wanaokufa.

Kileo si mgeni katika visiwa vya minazi. Kabla ya chupa za Ulaya kuteremshwa bandarini, mgema alikwea mnazi asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara, akakinga utomvu wake kwa kibuyu. Tembo lililoteremshwa upesi ni tamu, nalo laweza kupikwa likawa asali. Likikaa huchacha likawa kali, na likizidi kukaa huwa siki. Mgema alikuwa mtu wa kazi kama mvuvi na mkwezi wa karafuu, na lugha imemtunzia methali yake. Mjini mambo yalikuwa ya namna nyingine. Katika Mji Mkongwe palikuwa na maduka ya mvinyo na vileo vikali, mengi yakiwa ya Wagoa, na Waingereza walikuwa na klabu yao iliyoanzishwa mwaka 1888, ambayo jengo lake la baadaye huko Shangani lajulikana kwa jina la Africa House. Ng'ambo ya hori, katika mitaa ya watu wa kazi, tembo lilinywewa uani na chini ya miti.

Sheria ilipokuja ilitoka mbali. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa yalitia sahihi mkataba mmoja, na sehemu ya mkataba huo ilihusu vileo vikali. Ulipimwa ukanda wa Afrika tangu nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hata nyuzi 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani. Katika ukanda huo, mahali ambapo watu walikuwa hawajazoea vileo hivyo, ama kwa sababu ya dini ama kwa sababu nyingine, kuviingiza kulipigwa marufuku. Mahali pengine vilitozwa ushuru. Unguja imo ndani ya ukanda huo, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mkataba uliofuata, wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919, uliendeleza kazi ile ile.

Hapana shaka kwamba mikataba hii iliwazuia wafanyabiashara wengi wasiimimine Afrika pombe mbovu. Lakini yafaa itazamwe kwa macho mawili. Ule wa Brussels uliacha nafasi ya kuingiza kiasi maalumu kwa matumizi ya wasio wenyeji, hata mtu akawa anapimwa kwa asili yake kabla ya kupimwa kwa afya yake. Tena sheria ilimjua muuzaji, mnunuzi na mvunja amri. Mtu anayetaka kuacha haikumjua. Mlevi aliyekamatwa akatiwa mahabusi alikatiwa kileo kwa ghafula kama kamba inavyokatwa kwa kisu, na kutetemeka kwake usiku wa pili kwaweza kuwa kulidhaniwa ni hofu, au homa, au shetani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ubaguzi wa klabu uliondoka. Leseni ilibaki, na swali la siku za awali likabaki pia.

Dini ilikuwa na neno zito kuliko sheria, kwa kuwa ilisemwa msikitini na nyumbani, si mahakamani tu. Wanazuoni hufundisha kwamba uharamu wa ulevi haukuteremka kwa mara moja. Kwanza watu waliarifiwa kwamba madhara yake yanashinda manufaa yake. Kisha walikatazwa kuikaribia swala hali wamelewa. Mwisho ukaharamishwa kabisa. Hatua ya kati yastahili kufikiriwa sana. Swala ni tano, na nafasi baina yake nyingi ni fupi. Basi aliyetaka kuswali akiwa na akili timamu alilazimika kupunguza saa zake za kunywa siku hata siku. Amri ya mwisho ilipofika iliwakuta watu waliokwisha kuzoezwa.

Katika Unguja, kama katika pwani yote, mwaka una wakati wake wa kuacha. Mwishoni mwa Shaabani watu huvunja jungu: hula, hucheza, huenda matembezini, na wanywaji nao hulewa kama watu wanaoaga. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, glasi huwekwa chini. Wapo wengi waliopata njia kwa desturi hii, maana mwezi mzima mji wote huwa upande wao: baa zimefungwa, marafiki wako msikitini, futari iko tayari, na hakuna mtu wa kuwauliza kwa nini hawanywi. Lakini kwa aliyezoea kunywa kila siku, siku tatu za mwanzo wa mwezi ni mtihani wa namna mbili. Mwili wake wakosa kileo, na mchana kutwa wakosa maji na chakula. Akitetemeka, watu husema ni saumu. Akitoka jasho, husema ni joto. Asipolala, husema ni daku. Ugonjwa hujificha nyuma ya ibada, ilhali sheria ya dini yenyewe humpa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye.

Elimu ya tiba nayo ilichelewa kulifahamu jambo hili. Mwaka 1813 tabibu Mwingereza, Thomas Sutton, aliueleza wazimu wa kutetemeka unaowapata walevi na kuupa jina la Kilatini ambalo matabibu walitumia hata leo. Hata hivyo, kwa muda mrefu baada yake matabibu walibishana kama wazimu huo huletwa na kileo chenyewe, au na njaa, au na kukoma kunywa. Jibu lilipatikana Lexington, nchini Marekani, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1955 na Harris Isbell na wenzake. Watu 10 waliokuwa zamani watumiaji wa kasumba na aina zake walinyweshwa kileo kila siku huku wakilishwa vizuri. 4 waliacha mapema, na 6 waliendelea kwa muda wa siku 48 hadi 87. Waliponyimwa kileo, baadhi yao walipatwa na kifafa na wengine na wazimu, ingawa hawakuwa na njaa. Leo uchunguzi wa namna hiyo usingeruhusiwa, lakini ulithibitisha kwamba hatari yatokana na kuacha kwa ghafula.

Mwendo wa hatari hiyo sasa wajulikana. Ubongo uliozoea kutulizwa na kileo hujizidishia ukali ili usilale. Kileo kikiondoka, ukali hubaki peke yake. Tangu saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho mikono hutetemeka, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, usingizi hupaa. Kifafa, kikija, aghalabu huja ndani ya saa 48. Kuweweseka, kuona wadudu ukutani na kuzungumza na wasiokuwapo huja baina ya siku ya pili na ya nne, na asiyetibiwa aweza kufa. Wengi hawafikii huko. Hutaabika siku tano au saba, kisha hutulia. Lakini aliyekunywa sana na kwa miaka mingi, au aliyewahi kupata kifafa alipoacha zamani, hapaswi kuacha peke yake.

Watu wa mitaani waliifahamu sehemu ya elimu hii kabla ya kuisoma. Ndiyo maana ya neno kuzimua. Asili yake ni kutia maji baridi katika maji ya moto ili yawe ya uvuguvugu. Mnywaji amelichukua kwa maana ya kunywa kidogo asubuhi ili kuondoa matetemeko ya pombe ya jana. Neno ni zuri na lasema kweli: ndani mna moto, na kileo huupoza. Ubaya wake ni kwamba moto huo huwashwa na mpozaji mwenyewe.

Sura mpya ya historia hii ilifunguliwa na msiba mwingine. Katika miaka ya 1980 heroini iliingia Unguja, na kizazi cha vijana kikaangamia mbele ya macho ya wazee wao. Tangu mwaka 2009 zikaanza kufunguliwa nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi, zikiongozwa mara nyingi na watu waliopita wenyewe katika shimo hilo. Mafunzo yake yalitoka kwa chama cha walevi walioacha kilichoanzishwa Akron, Marekani, mwaka 1935, na kwa chama cha watumiaji wa dawa za kulevya kilichozaliwa kwa mfano wake huko California mwaka 1953. Asili yake basi ni kileo, na kwa njia ya heroini ikarudi kumfaa mlevi wa Unguja. Mwaka 2015 hospitali ya Kidongo Chekundu ilianza kutoa methadoni, dawa iwafaayo walioshikwa na heroini na jamaa zake, wala si walevi wa pombe.

Katika nyumba hizo lilienea neno arosto, yaani mateso ya mwenye kukosa dawa aliyoizoea. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa neno moja limebeba maradhi mawili. Arosto ya heroini huumiza mno, lakini ni nadra kumwua mtu mzima aliye na maji na uangalizi. Arosto ya pombe yaweza kuanza kwa upole kuliko ile, kisha ikaua siku ya tatu. Msimamizi aliyeishinda ya kwanza kwa subira, blanketi na maji ya kuoga aweza kwa nia njema kumwambia mlevi avumilie vivyo hivyo. Mlevi huyo ahitaji kwanza kuonwa na tabibu, apewe dawa za kutuliza zilizoanza kutumika tangu miaka ya 1960, na vitamini B1, ambayo kuikosa huharibu akili yake. Akipatwa na kifafa, homa au kuweweseka, apelekwe Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu bila kungoja kukuche.

Linalochelewesha safari hiyo, mara nyingi, ni stara. Unguja ni mji wa stara: milango mizito, baraza nje na ua ndani, na siri ya nyumba haitoki. Stara imewaokoa wengi na fedheha. Mama aliyekaa macho usiku kucha kando ya kitanda cha mwanawe, akimpa uji na maji na kumtaja kwa jina lake kila aliposhtuka, alifanya kazi ambayo hakuna sheria wala mkataba uliopata kuifanya. Lakini mama huyo huyo, akiogopa majirani, aweza kufunga mlango hata kifafa cha tatu. Maana ya stara ni kumfunika mtu aibu yake, na tabibu aitwaye usiku hamvui mtu nguo. Aliyekaa na mgonjwa kwa siku tano na kujua saa ya kumwita tabibu amemsitiri kweli. Na siku ya sita, mgonjwa akiomba chai na kuuliza ni siku gani, watu wa nyumba hiyo hawatakuwa na la kuwaficha majirani.