Mvua ya Mahali Pengine

Ukitaja makorongo membamba ya jangwa la Utah, mtu aliyeona filamu atakujibu papo hapo: si ni kule yule jamaa alijikata mkono? Ndiyo, ni kule. Aprili 2003 Aron Ralston aliingia Blue John Canyon peke yake, bila kumwambia mtu anakoenda. Jiwe likaporomoka likambana mkono wa kulia ukutani. Alikaa hapo siku tano, kisha akajikata kwa kisu butu, akateremka kwa kamba ukuta wa mita 20 hivi na mkono mmoja uliobaki, akatembea mpaka akakutana na watu. Mwaka 2010 Danny Boyle akaitoa filamu yake, na dunia nzima ikajua.

Sina ubishi na kisa hicho. Lakini ukikichukua kuwa ndiyo historia ya makorongo haya, kitakupoteza, manake kitakufanya uogope mawe. Mle ndani, watu wanapokufa wengi kwa mpigo mmoja, huwa ni maji. Tena mara nyingi ni maji ya mvua ambayo wao wenyewe hawakuiona ikinyesha.

Wacha kwanza nieleze korongo lenyewe ni nini. Sehemu kubwa ya mwamba wa huko ilikuwa mchanga wa jangwa, vilima juu ya vilima, yapata miaka milioni 180 iliyopita. Mchanga ukashikana ukawa jiwe. Mvua ikinyesha juu ya jiwe hilo hainywewi, kwa kuwa hakuna udongo wa kuinywa wala nyasi za kuichelewesha. Inateleza tu ikitafuta ufa. Ikiupata inaingia na mchanga, kokoto na magogo, na mzigo huo wote unakwangua kuta kama msasa. Miaka inapita, ufa unazama. Ndiyo sababu kuna mahali korongo lina kina cha jengo la ghorofa kumi, na upana wake ni mabega yako tu. Fundi aliyelijenga ni mafuriko, na fundi huyo hajamaliza kazi.

Wenyeji walilijua hilo zamani. Antelope Canyon, kaskazini mwa Arizona, iko katika ardhi ya Wanavajo. Jina la Kiingereza linamtaja swala. Jina la Kinavajo la sehemu ya juu ni Tsé bighánílíní, yaani mahali maji yanapopita kati ya miamba. Jina lenyewe ni onyo. Lakini onyo likiwa katika lugha ambayo mgeni haijui, linageuka kuwa kipambo cha kuandikwa kwenye kibao cha watalii.

Tarehe 12 Agosti 1997 watu 12 walikuwa ndani ya Antelope ya chini, mmoja wao akiwa kiongozi wa watalii. Dhoruba ilikuwa imepiga kilomita nyingi juu ya mkondo. Pale walipokuwa, mvua haikuwa ya kumtisha mtu. Maji yakaja yamesimama kama ukuta, yakang'oa ngazi za mbao walizoteremkia. Watalii wote 11 walikufa, wengi wao wakiwa wametoka Ufaransa. Aliyepona ni yule kiongozi peke yake. Leo ngazi za hapo ni za chuma, zimefungwa kwenye mwamba kwa bolti, kuna mpango wa kutoa tahadhari, na hakuna anayeruhusiwa kuingia bila kiongozi. Yote hayo yalikuja baada ya mazishi.

Antelope ni korongo la kutembea. Yapo mengine ambayo huwezi kuyapita bila kamba, na hapo ndipo historia ya mafuriko inakutana na historia ya vifaa. Mwaka 1872 mwanajiolojia Grove Karl Gilbert aliteremka korongo la mto Virgin, mahali ambapo sasa ni hifadhi ya Zion, akaliita The Narrows. Mle mtu hufuata mto, na akibadili nia anageuka kurudi alikotoka. Miaka ile ile ya 1870, mbali kabisa, katika milima ya Alps, kiongozi wa milima wa Chamonix aitwaye Jean Charlet alikuwa akihangaika na mlima Petit Dru. Alipitisha kamba mwambani ikawa mbili, akashuka nazo zote, kisha akavuta ncha moja mpaka kamba nzima ikamfuata. Ujanja mdogo, lakini ulibadilisha mambo. Mtu aliweza kushuka kuta nyingi kwa kamba ile ile.

Ujanja huo ukafika Utah, na katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 kushuka makorongo kwa kamba kukawa mchezo wa watu wa kawaida wenye mshahara na wikendi. Angalia vizuri lakini kile kamba inachofanya. Ukishaivuta, ukuta uliotoka umefungwa nyuma yako. Huwezi kuupanda tena. Mbele kuna ukuta mwingine wa kushuka, na mwingine baada yake. Njia ya kutokea ni moja tu, na ndiyo hiyo hiyo ya maji.

Nilipokuwa nikisoma Utah nilipata kushuka korongo dogo la aina hii. Tulikuwa watano. Kiongozi wetu alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, mchache wa maneno. Asubuhi hakutosheka na utabiri wa mahali tulipokuwa. Alitandaza ramani juu ya boneti ya gari, akafuata kwa kidole eneo lote linalomwaga maji yake ndani ya korongo letu, kisha akatafuta utabiri wa huko juu. Tulipokuwa chini ya ukuta wa kwanza, kamba ikiwa bado inaning'inia na tungeweza kuipanda, alimwuliza kila mmoja wetu kwa jina: tuvute? Akasubiri jibu la kila mmoja.

Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa utepe wa buluu, mwembamba kama mkanda wa suruali. Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa shuleni, na ni kweli kwa mtu aliyesimama shambani. Pale chini ningeyaona wapi mawingu? Nilisema ndiyo kwa sababu yeye alikuwa ameshayatafuta kwa niaba yetu. Akavuta, kamba ikaanguka na mlio mkavu. Tulipita madimbwi ya maji baridi mpaka meno yakagongana, na jua lilikuwa likichoma huko juu. Mahali fulani niliinua macho nikaona gogo zima la mti limekwama kati ya kuta mbili, juu ya vichwa vyetu kwa mita sita au saba. Hakuna aliyeniuliza mbona nimenyamaza. Kila mtu alikuwa ameliona.

Ndiyo maana siwezi kuwasimulia watu wa Keyhole Canyon kwa dharau. Tarehe 14 Septemba 2015, watu saba kutoka California na Nevada, wengi wao wa makamo, walichukua kibali asubuhi cha kushuka korongo hilo fupi lililo ndani ya Zion. Waliambiwa kwamba mafuriko ya ghafla yanatazamiwa. Wakati huo katika hifadhi hiyo askari walikuwa wakitoa onyo, na uamuzi wakimwachia mgeni mwenyewe. Mchana, saa nane na ushei, idara ya hali ya hewa ikatoa onyo kali zaidi na makorongo yakafungwa. Lakini wale saba walikuwa wameshaondoka ofisini, na hapakuwa na njia ya kuwafikia. Jioni ile mto Virgin, tawi la kaskazini, ulipanda kutoka mita za ujazo 1.6 kwa sekunde hadi zaidi ya 74, kwa dakika 15 tu. Wote saba walikufa.

Wengi waliposikia walisema: si walionywa? Walionywa, ndiyo. Ila ukizipanga habari hizi kwa miaka yake, unaona kwamba onyo lina saa yake. Likifika kabla kamba haijavutwa, ni onyo. Likifika baadaye, ni habari tu, tena habari ambayo mhusika haisikii. Anayesema ni ujinga anasahau kwamba kutoka chini siku ya kufa na siku ya kupona zinafanana kabisa, mpaka dakika ya mwisho.

Na siku ile ile, kwa dhoruba zile zile, katika mji mdogo wa Hildale ulio kusini mwa Utah, magari mawili yalisombwa yakiwa na akina mama na watoto. Watu 13 walikufa. Hawa hawakuwa watalii, hawakuwa na kibali wala kofia ngumu, wala hawakuwa wamevuta kamba yoyote. Walikuwa chini ya mkondo, basi.

Sisi Wakenya tunalo korongo letu. Ol Njorowa, ndani ya Hell's Gate, lilichongwa na maji ya Ziwa Naivasha la kale, wakati ziwa lilipokuwa kubwa na kufurika kuelekea kusini. Si jangwa, na mwamba wake umetokana na volkano, lakini kuta zake zinabana vivyo hivyo na maji yanafuata njia ile ile wanayopita watu. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa humo na kufa. Septemba 2019, tena, watu saba. Saba Zion, saba Naivasha, saba Naivasha. Sikuzichagua namba hizo.

Wengi wetu tulienda Hell's Gate na shule, tukapiga picha pale penye maji ya moto, tukarudi nyumbani na viatu vyenye matope. Niliwahi kudhani kwamba tulirudi kwa sababu siku ilikuwa nzuri. Sasa najua siku nzuri ya pale chini haithibitishi kitu. Lazima kuna mtu aliyejua hali ya nyanda za juu, au hatukuwa na mtu kama huyo na tulibahatika.

Kwa hivyo ukifika langoni, usiulize kama leo kutanyesha hapa. Uliza: huko juu kumenyesha? Nani yuko huko, na akiona maji atatuambiaje sisi tulio chini? Kama kiongozi ana jibu, shuka naye. Kama hana, kaa nje, kula chakula chako kwenye kivuli, utazame nyani wakijaribu kukuibia. Hiyo nayo ni safari.