Mrija wa Pumzi tangu Copenhagen, 1952

Polio ilipoivamia Copenhagen mwaka 1952, hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu, yaani mashine ya kupumulia, na vifaa sita vya kupumulia vya kufungwa kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 27 kati ya 31 waliopooza misuli ya kupumulia walifariki.

Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alitambua kuwa hewa chafu, yaani kaboni dioksidi, ilikuwa ikiwajaa mwilini. Tarehe 27 Agosti, binti wa miaka 12 alitobolewa shingoni, akatiwa mrija, na oksijeni ikasukumwa kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa mpira. Akanusurika. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaingia zamu, kila mmoja kando ya kitanda, akiminya mfuko usiku kucha huku macho yake hayabanduki usoni pa mgonjwa.

Kumwachisha mgonjwa mfuko kulihitaji subira. Aliyechoka alirudishwa kwenye mfuko kwa urahisi, maana mrija ulikuwa bado shingoni. Mirija ya kupitia mdomoni ilipozoeleka, kurudishiwa mrija kukawa jambo zito: koo huweza kuwa limevimba, na mwili hauna akiba ya oksijeni.

Uviko-19 uliwarudishia madaktari mtihani huo. Mgonjwa aliyetolewa mrija huongea, hunywa maji. Lakini huenda siku ya pili pumzi zikawa fupi, jasho likamtoka, misuli ya shingo ikavuta kila pumzi. Hapo, kuchelewa kumrudishia mrija huongeza hatari ya kifo.