Mifupa ya Tendaguru na Walioichimbua

Hutukia mara kwa mara katika vipindi vyetu mwanafunzi akauliza kisukuku ni nini. Jibu la kamusi, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, halimtoshi. Afadhali tumpeleke, walau kwa maneno, mpaka kilima cha Tendaguru, kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi, kusini mwa jirani zetu Tanzania.

Mwaka 1906 Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi wa madini kutoka Ujerumani, aliiona mifupa mikubwa iliyochomoza ardhini karibu na kilima hicho. Twasema aliiona, hatusemi aliigundua, maana wenyeji walikuwa wakipita penye mifupa hiyo kabla yake. Mwaka uliofuata alifika mtaalamu Eberhard Fraas, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig. Yafaa tukumbuke kwamba Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu, na njaa iliyovifuata ilikuwa imewafagia watu wengi wa kusini. Katika hali hiyo ndipo kazi ya ujira ilipowajia.

Vibarua walikuwa wapatao 170 mwaka wa kwanza, na baadaye wakafikia 500 hivi. Wengi walikaa kilimani pamoja na wake na watoto, hata pakawa kijiji kizima. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutenga mfupa na udongo pasipo kuuvunja. Barabara ya magari haikuwapo. Tani zaidi ya 200 zilibebwa na wapagazi kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kisha zikapakiwa melini.

Huko Berlin, mwaka 1937, alisimamishwa dinosaria aliyeitwa Brachiosaurus, ambaye wataalamu wengi sasa humwita Giraffatitan. Kimo chake chapita meta 13, na aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Vizazi vya watoto wa Ujerumani wameletwa na walimu wao kumtazama na kufundishwa habari zake. Mjukuu wa mpagazi wa Lindi, ili ajifunze vivyo hivyo, angehitaji nauli ya ndege.

Wako wadaio mifupa irudishwe, na mjadala huo umefika hata Bungeni Dodoma. Wengine husema gharama za kuihifadhi ni kubwa mno. Hatuwalaumu hawa wala wale, ila twaona kuna jambo lisilopaswa kungoja hukumu hiyo: elimu kwa wenyeji, katika lugha waijuayo. Mfano upo tayari. Cassian Magori na Charles Saanane walikwisha kuandika kitabu cha Kiswahili kiitwacho Dinosaria wa Tendaguru. Mwalimu akiwa na kitabu kama hicho, na nakala ya plasta ya mfupa mmoja wa paja, amekwisha kupata makumbusho ya kijiji.

Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii, kwa heshima ya yule msimamizi. Jina hilo twaliandika ubaoni kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi husoma neno la pili kwanza.