Shauri na Consulta: Mazungumzo ya Viwanda vya Gesi Palma

Neno wadau limezoeleka mno katika ripoti za maendeleo, nasi walimu wa lugha tumelipokea bila kulihoji. Katika makala haya mafupi tunakusudia kulipima huko Palma, kusini kidogo ya mlango wa mto Ruvuma.

Katika karne ya 19 watawala na mashehe wa Cabo Delgado waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa Maputo. Wakati huo aliyehitaji mkalimani alikuwa Mreno.

Mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa baharini. Swali likawa: iuzwe yote nje, au sehemu ibaki iendeshe viwanda vya Msumbiji? Mpango Mkuu wa Gesi wa 2014 ulitaka yote mawili, na Januari 2017 serikali ikawateua Yara kwa mbolea, Shell kwa mafuta na GL Energy Africa kwa umeme. Kanuni ya 2012 kuhusu kuhamisha watu nayo ilidai mikutano ya hadhara isiyopungua minne. Kwenye karatasi, basi, wadau walikuwapo. Lakini haki ya kutumia takriban hekta 7,000 za rasi ya Afungi ilikwisha kutolewa mwishoni mwa 2012, kabla ya mikutano mingi ya uhamisho.

Kireno huyaita mashauriano hayo consulta, neno lile lile la kwenda kumwona daktari: mgonjwa hueleza, daktari huamua. Kiswahili, na Kimwani ni jirani yake wa karibu, kina shauri. Na kushauriana kuna kiambishi -an-, yaani kila upande hutoa na kupokea. (Tuna pia "shauri lako", lakini hilo tuliache.) Mwanamke wa Quitupo aokotaye kombe maji yakipwa aliletewa mpango ulioandikwa kwa Kireno. Kaya zaidi ya 500 zilipangiwa kuhama, na kijiji kipya cha Quitunda kiko mbali zaidi na pwani.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vina sababu nyingi, wala hatuvibebeshi tafsiri. Palma ilishambuliwa Machi 2021, na mwezi uliofuata Total ikasimamisha mradi. Kiwanda cha mbolea hakijajengwa. Gesi iliyoanza kusafirishwa Novemba 2022 ilitoka Coral Sul, mtambo unaoelea baharini, ambako hakuna kijiji cha kuulizwa.